Betri zilisingiziwa: uzoefu wangu na chaja ya kigari cha gofu cha volti 48

Kama kigari chako cha gofu kimeingia nchini baada ya kutumika Marekani, pindua chaja yake usome kibandiko kabla hujatoa hata shilingi kununua betri. Ukikuta imeandikwa volti 120 na Hz 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) peke yake, haya yanakuhusu. Chaja niliyoinunua badala ya ile naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo nyota iliyopungua nitaieleza.

Mimi ni fundi wa matengenezo katika hoteli ya ufukweni, kaskazini mwa Unguja. Gofu haichezwi hapa. Bagi zetu, ndivyo tunavyoviita vigari hivi, hubeba wageni na masanduku kutoka mapokezi hadi vyumba vya chini ufukweni, na asubuhi hubeba mashuka kwenda dobi. Ziko mbili, zote za volti 48, kila moja ina betri sita za asidi za volti 8 zilizofungwa kwa mfululizo chini ya kiti. Zilikuja na chaja zao za asili, zile nzito za chuma zinazonguruma zikiwa kazini, pamoja na transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 uwe 120. Ukichomeka, taa inawaka, mshale wa ampea unapanda. Nani angeshuku chaja?

Seti ya kwanza ya betri ilichoka mapema. Ikanunuliwa mpya, nayo ikaanza kulegea kabla msimu haujaisha. Dereva akaja: "Fundi, hii bagi asubuhi inaruka kama mpya, ikifika saa sita mchana kile kilima cha kutoka ufukweni haikipandi tena. Wageni wanashuka wanatembea." Muuza betri naye alikuwa na jibu lake tayari: betri za siku hizi ndivyo zilivyo, lete hela nikupe nyingine. Meneja alikuwa ameshaanza kuandika oda.

Nilimwomba asubiri kidogo, nikachukua mita na hidromita. Hidromita ni kile kibomba cha kioo chenye kielea ndani. Unanyonya asidi ya seli moja, yaani chumba kimoja cha betri, unasoma uzito wake ukilinganishwa na maji. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kisa hiki, na sijui kwa nini mafundi wengi wa magari wamekiacha. Betri ya volti 8 ina seli nne, kwa hiyo bagi moja ina seli 24. Seli iliyojaa vizuri husoma kama 1.265 hadi 1.277, kutegemea mtengenezaji. Zetu, baada ya kulala kwenye chaja usiku kucha, zilisoma kati ya 1.190 na 1.205. Zote 24, na bagi ya pili vilevile.

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Betri moja ikifa, hidromita hukuonyesha: seli moja au mbili zimeanguka, nyingine zimesimama. Waya ulioliwa na kutu nao una dalili yake, kwani kichwa cha betri hupata moto bagi ikipanda mlima, hata kuyeyuka. Lakini seli zote zikiwa chini kwa kiasi kilekile, katika magari mawili tofauti, basi hazikuwahi kujazwa. Nikaweka mita kwenye vichwa vya mwanzo na mwisho alfajiri, chaja ikiwa bado imechomekwa. Haikuvuka volti 53. Betri za asidi za volti 48 zinatakiwa kufikishwa kama 58 au 59 mwishoni mwa kuchajiwa, ndipo seli zichemke kidogo na asidi ichanganyike.

Chaja hizo nzito za kizamani hazina akili ya elektroniki ya kutosha kusahihisha chochote. Ndani mna transfoma na kapasita kubwa vilivyopatanishwa na umeme wa Hz 60, na volti inayotoka inafuata hizo Hz. Afrika Mashariki yote tunatumia Hz 50. Transfoma ya kushusha inakurekebishia volti, Hz haizigusi kabisa, kwa hiyo chaja inatoa pungufu ya karibu sehemu moja kwa sita huku taa ikiwaka na mngurumo ukisikika kama kawaida. Jenereta halikuokoi pia. Letu huzunguka mara 1500 kwa dakika, na hiyo ni Hz 50 ileile. Kwa bagi zinazoletwa kutoka Dubai hali huwa nafuu, maana kule nako ni Hz 50, ila kibandiko kisome tu, kwa sababu mitumba ya Dubai yenyewe imetoka kila pembe.

Betri inayoishi bila kujaa hujenga ukoko wa salfeti kwenye bamba zake, ukoko huwa mgumu, na kila wiki uwezo unapungua. Ndiyo sababu betri mpya zilionekana mbovu.

Chaja niliyonunua ni ya kisasa, nyepesi, inakubali volti 100 hadi 240 na Hz 50 au 60, inatoa ampea 18 na ina programu maalumu ya betri za asidi za maji. Inavuta chini ya kilowati moja na nusu, kwa hiyo soketi ya kawaida ya ampea 13 inatosha. Usiku wa kwanza nilikaa nayo nikiandika namba: ilipanda bila kusita hadi 58 na kitu, ikashikilia pale, ampea zikashuka taratibu, ikazima yenyewe kabla ya alfajiri. Kuna kitu kimoja nilichokipenda kuliko vyote, nacho ni kihisi cha joto chenye waya wake, unachokibandika ubavuni mwa betri. Joto likipanda juu ya nyuzi 25, volti ya kuchajia inatakiwa ipungue kama 0.005 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Kwa seli 24 kwenye banda lenye nyuzi 35, hiyo ni volti 1.2 nzima. Chaja isiyojua joto la pwani itapika betri kila usiku.

Madereva waliogopa. "Fundi, zinachemka!" Ndiyo, zichemke. Mwisho wa kuchaji betri ya asidi hutoa viputo vya haidrojeni na oksijeni, ndiyo maana banda liwe wazi na sigara ikae mbali. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Na ndiyo maana sasa maji yanapungua kuliko zamani. Tunaongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), asidi hapana, na tunaongeza baada ya kuchaji. Bamba zikiwa zimeachwa wazi, unaweka maji ya kuzifunika tu kwanza, unachaji, kisha unamalizia. Ukijaza juu kabla, asidi itafurika na kula fremu.

Je, betri zilipona? Baadhi. Chaja ina hatua ya kusawazisha, yaani kuchaji kwa volti ya juu zaidi ukiwa umesimama pale na hidromita, unapima kila saa mpaka namba ziache kupanda. Nyingi zilipanda zikakaribia 1.260. Chache ziligoma, na kwenye kilima cha ufukweni zilianguka chini ya volti 7 wakati wenzao wamesimama kwenye 7.8. Tulikusanya sita bora kutoka magari yote mawili zikaenda bagi moja, bagi ya pili ikapewa seti mpya kamili. Kuchanganya betri mpya na zilizochoka katika mfululizo mmoja ni kuziua zile mpya.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya chaja nyingi za otomatiki, hii ikiwemo: kabla ya kuanza hupima betri, na zikiwa zimeshuka mno haianzi kabisa. Bagi iliyoachwa banda likifungwa kipindi cha masika, Aprili na Mei, ilisoma volti 31 kwa jumla. Chaja inapepesa taa nyekundu, basi. Nililazimika kufungua nyaya na kuamsha kila betri peke yake kwa pawasaplai inayorekebishika, nimeiweka volti 9.6 na ampea chache, mpaka zote zikavuka 8. Baada ya hapo chaja ikaanza. Usichukue chaja ya gari ya volti 12 ukaiacha kwenye betri ya volti 8 ukaenda kula, utakuta imevimba.

Ya pili, taa ndiyo lugha yake pekee. Kupepesa mara tatu maana yake nini, itabidi utafute kitabu, na kitabu cha kwetu kilikuja kwa Kichina.

Ya tatu ni plagi, na hii ndiyo iliyokula nyota. Chaja ya asili ina pini ya ziada inayozuia bagi kutembea ikiwa imechomekwa. Kwenye baadhi ya bagi za kampuni ya Club Car za volti 48 za miaka ya nyuma, pini hiyo hupita kwenye kompyuta ndogo ya ndani ya gari ambayo ndiyo huiamuru chaja ianze na izime, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo apime kompyuta hiyo kabla ya kulaumu chaja au betri. Chaja yangu mpya ina nyaya mbili tu. Dereva mwenye haraka anaweza kuondoka na soketi ya ukutani. Tumetundika ndoano juu ya kila chaja. Ufunguo wa bagi unakaa hapo, na huwezi kuufikia bila kukutana na waya. Chaja ya kisasa namna hii ingekuja na kinga hiyo tayari.

Feni yake pia inavuta vumbi na chumvi ya bahari. Naifungua na kuipuliza kila mara tunaposafisha vichwa vya betri kwa bikaboneti ya soda na maji.

Nimeulizwa mbona sikwenda moja kwa moja kwenye lithiamu. Ni nyepesi, hazitaki maji, na nikinunua bagi ya tatu nitazitazama. Lakini zina bodi yao ya ulinzi na zinataka chaja yenye programu yao, na gari linaloua betri kwa sababu ya chaja mbaya lisipewe betri ya bei mara kadhaa kabla ya kupimwa.

Wenye bagi za volti 36 hesabu ni hiyohiyo kwa seli 18: zikipumzika zimejaa ni kama volti 38.2, na chaja ikimalizia kazi usome karibu 44. Pima alfajiri, kabla dereva hajachomoa.