Mfumo upi wa hewa ukaa ununue kwa tangi la mimea? Wa kwanza hadi wa mwisho

Kabla ya kutoa hela kununua mfumo wa kuongeza hewa ukaa (kaboni dioksidi) kwenye tangi la samaki lenye mimea ya majini, tazama mimea uliyonayo. Kama ni Anubias, Cryptocoryne na kangaga la Java, huhitaji kununua chochote kati ya nitakavyovitaja. Hiyo hukua polepole na huridhika na kaboni kidogo inayotokana na pumzi za samaki na bakteria. Vallisneria nayo huweza kujichukulia kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo katika maji magumu. Mwongozo huu ni kwa anayetaka zulia la Hemianthus chini, Rotala nyekundu nyuma na mimea inayokatwa kila wiki: matangi ya aina aliyoyapa umaarufu Takashi Amano wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Aqua Design Amano. Mimea ya namna hiyo bila hewa ukaa ya ziada hudumaa, kisha mwani huvamia majani.

Sababu iko ndani ya maji yenyewe. Gesi husafiri majini polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000, na maji yaliyoachwa yenyewe huwa na miligramu chache tu za hewa ukaa kwa lita. Tunacholenga ni miligramu 20 hadi 30 kwa lita, kiwango hichohicho kila siku kuanzia taa zinapowaka. Hapo ndipo ninapopimia mifumo yote. Karibu kila kifaa kinaweza kutoa gesi. Vichache vinaweza kuitoa bila kuyumba. Gesi ikiwa nyingi leo na haba kesho, mmea hupoteza nguvu kujirekebisha upya kila mara, na wafugaji wazoefu wanajua vizuri ule mwani mweusi wa manyoya unaofuata.

Wa kwanza: mtungi wa kujazwa upya, wenye rigyuleta

Kwa tangi la lita 60 kwenda juu, nunua huu. Ni ghali siku ya kwanza, lakini gharama kubwa huishia hapo. Baada yake unalipia gesi tu. Mtungi wa kilo 2 ni saizi nzuri ya kuanzia.

Hela yako nyingi iende kwenye rigyuleta, yaani kifaa kinachofungwa kwenye mtungi kushusha mgandamizo wa gesi, wala si kwenye mtungi. Ndani ya mtungi hewa ukaa ni kimiminika, na kwenye nyuzi joto 20 mgandamizo wake ni kama bari 57. Kimiminika kikiwa bado kipo, geji haishuki hata kama umeshatumia nusu. Ukitaka kujua kilichobaki, pima uzito wa mtungi. Kimiminika kikiisha, mgandamizo huporomoka, na rigyuleta ya hatua moja inaweza wakati huo kuongeza gesi inayotoka badala ya kuipunguza. Samaki wamekufa kwa njia hii usiku mmoja. Rigyuleta ya hatua mbili hushusha mgandamizo mara mbili, hivyo hatari hiyo huwa ndogo sana. Mwenye samaki anaowathamini asibanie hapa.

Hakikisha rigyuleta ina vali ya sindano inayogeuka taratibu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua kiasi. Vali ya bei rahisi unaiweka jioni, asubuhi unakuta imejisogeza. Pili, iwe na vali ya umeme inayounganishwa na taima: gesi iwashwe saa moja au mbili kabla ya taa, izimwe taa zikikaribia kuzimwa. Usiku mimea haifanyi usanisinuru, nayo hupumua kama samaki, kwa hiyo gesi ya usiku ni hasara na hatari. Tatu, vali ya njia moja, ili maji ya tangi yasirudi kwenye rigyuleta na kuiharibu.

Kabla ya kulipa, uliza mtungi utajazwa wapi na mdomo wake una nyuzi za skrubu za aina gani. Marekani hutumia CGA-320, na sehemu nyingi za Ulaya na Asia hutumia W21.8, rigyuleta ya moja haifungi kwenye nyingine bila adapta. Soma pia tarehe ya kupimwa mgandamizo iliyogongwa shingoni, maana wajazaji hukataa mtungi uliopitwa na muda. Mtungi wa kuzimia moto uache. Mingi ina bomba ndani linalovuta kimiminika kutoka chini, na kimiminika kikiingia kwenye rigyuleta kinaiharibu. Kwa sababu hiyohiyo mtungi wako usilazwe, usimame wima, umefungwa usianguke, mahali penye hewa ya kutosha.

Mitungi midogo ya mashine za kutengenezea soda nyumbani huingia humuhumu kwa kutumia adapta. Huwa na gesi isiyofika nusu kilo, na kwa tangi dogo inafaa sana kama kubadilishana ni rahisi. Vile vichupa vya kutumia mara moja na kutupa, hapana: kila gramu ya gesi inakugharimu kuliko njia nyingine zote.

Wa pili: mashine ya ndimu ya unga na bikaboneti ya soda

Chupa ya chuma unaijaza asidi ya sitriki, yaani ndimu ya unga, pamoja na bikaboneti ya soda na maji. Vinachemka na kutoa hewa ukaa. Nzuri zina geji, vali ya sindano, vali ya umeme na vali ya usalama. Gesi hukusanyika chupani, kwa hiyo unaweza kuifunga usiku, na hilo peke yake linaiweka juu ya hamira.

Ila fanya hesabu. Gramu 200 za bikaboneti haziwezi kutoa zaidi ya gramu 105 hivi za gesi. Mtungi wa kilo 2 ni sawa na kuijaza mashine hii mara 19. Kwa tangi la lita 40, au mahali ambapo hakuna pa kujazia mtungi, ni chaguo zuri. Kwa tangi kubwa utachoka. Toleo la chupa za plastiki za soda silipendekezi kwa sababu ya mgandamizo.

Wa tatu: hamira na sukari

Rahisi kuliko yote, na inafanya kazi kwenye tangi dogo. Lakini hamira hufanya kazi kwa nguvu mwanzoni kisha huchoka kadiri kilevi kinavyoongezeka chupani, hubadilika na joto la chumba, na haizimiki usiku. Ukiitumia, weka chupa ya pili katikati kukamata povu, na usiweke vali yoyote ya kufunga njia ya gesi, kwani chupa itapasuka.

Usivyopaswa kuvihesabu

Vidonge vya kuyeyusha hutoa gesi kwa muda mfupi, kisha mambo hurudi yalivyokuwa. “Kaboni ya maji” inayouzwa chupani si hewa ukaa. Nyingi ni glutaraldehidi au dawa ya jamii yake, ileile inayosafishia vifaa vya hospitali. Huua mwani, ndiyo, lakini pia hudhuru Vallisneria na baadhi ya mosi (moss) na mimea laini ya majini, na mvuke wake si wa kuvuta. Inunue kama dawa ya mwani, na uvae glavu.

Pamoja na mfumo wowote

Mpira wa silikoni huvujisha gesi. Nunua uliotengenezwa kwa ajili ya hewa ukaa, na upake povu la sabuni kwenye viungo vyote kuona panapovuja. Kisambazaji cha kauri chenye viputo laini kinatosha matangi mengi, mradi kiwe chini kabisa, mkondo wa filta ukivisambaza viputo.

Kuhesabu viputo kwa sekunde hakukwambii kilichoyeyuka. Nunua kipimo cha kuning'iniza ndani ya tangi, kinachobadilika rangi, kilichojazwa maji ya ugumu wa kaboneti (KH) wa digrii 4: bluu ni kidogo, kijani ni kama miligramu 30, njano imezidi. Rangi huchelewa saa moja hadi mbili, hivyo pandisha gesi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, siku ambazo upo nyumbani. Mwenye kipima pH ana njia ya haraka zaidi: pH ikishuka kwa 1 kamili kutokana na gesi, hewa ukaa imepanda mara 10. Samaki wakipanda kuhema juu, usisubiri rangi wala namba: funga gesi, tibua uso wa maji kwa pampu ya hewa, na ubadilishe sehemu ya maji.