Filta nyekundu ya kamera ya majini: nimenunua nne nikiwa Malindi, moja iko chini ya mwamba

Kazi yangu hasa ni kutengeneza simu. Nina kibanda mjini Malindi. Lakini wageni wakianza kuingia, asubuhi zangu huishia kwenye boti ya ami yangu yenye kioo sakafuni, pale Casuarina, tukipeleka watu kuona matumbawe ya hifadhi ya bahari. Ami ni mkubwa kuliko hifadhi yenyewe, iliyotangazwa 1968, na hakuna mgeni anayeshuka botini bila kuambiwa hilo. Yeye hushika usukani, mimi huruka majini na kamera, na baadaye kila mtu hupata video yake kwenye simu. Kamera ni GoPro HERO7 Black niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika, pamoja na kasha lake la kuzamia.

Shida ilikuwa rangi. Kwa macho yangu namwona kitatange na manjano yake, pono na waridi lake. Kwenye video wote wamefanana, kama kanzu iliyozidishwa buluu ya kufulia. Ami aliitazama ya kwanza, akanirudishia simu. "Mwanangu, huku chini Mungu ametia samaki wa kila rangi. Mbona wewe unavua wa buluu peke yao?"

Nikaanza kutafuta filta. Kabla ya kusema nilinunua nini, niseme jambo ambalo lingeniokolea pesa kama ningelijua mapema. Filta nyekundu haitii nyekundu kwenye picha. Maji hula mwanga wa jua kwa zamu: nyekundu huliwa kwanza, na ukifika mita tano hivi sehemu yake kubwa imeshapotea, kisha hufuata rangi ya chungwa, kisha manjano, hadi kinabaki kijani na buluu. Kazi ya filta ni kuzuia hizo mbili zilizozidi ili nyekundu kidogo iliyobaki ionekane. Ni kama ngoma ya harusi ambapo zumari halisikiki kwa kishindo cha vumi na chapuo. Filta haimsaidii mpiga zumari kupuliza. Inawaambia wapiga ngoma wapunguze. Na kama mpiga zumari ameshakwenda zake nyumbani, nyamazisha ngoma zote utakavyo, utapata kimya tu. Ndiyo maana ukipita mita ishirini hivi filta hukosa kazi, na ndiyo maana pia filta yoyote hupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera. Muuzaji hakuambii hilo la mwanga.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa shilingi 1,500, ikaja na gari la usiku kutoka Mombasa. Picha ya tangazo ilionyesha kamera kama yangu, nami nikaridhika. Kumbe ilikuwa ya kuvaa kamera tupu, isiyo na kasha. HERO7 huingia majini bila kasha hadi mita kumi, kwa hiyo zipo filta za aina hiyo, lakini mimi kamera yangu haitoki kwenye kasha hata siku moja, kwa sababu ya mchanga na kwa sababu ya watoto wa wageni. Muuzaji akaniambia bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Hiyo bado iko kwenye droo ya kibanda. Basi jambo la kuuliza kabla ya bei ni hili: inavaa kamera au inavaa kasha, na kasha la toleo gani? Kasha la HERO5, 6 na 7 Black ni moja. La HERO8 ni jingine kabisa.

Ya pili ilikaa barabara. Nyekundu iliyokoza, kama hibiskasi iliyochemshwa. Nikaruka nayo kwa furaha, maji yamekupwa, kina mita mbili labda. Kurudi botini nikafungua video: mchanga umekuwa kama umepakwa hina, na mama mmoja wa Kitaliano ameiva kama kamba mti aliyetolewa chunguni. Akaniambia kwa Kitaliano, ambacho Malindi hata muuza madafu anakielewa, kwamba yeye alikuja na ngozi nyeupe na angependa kurudi nayo. Sikumlipisha.

Nikadhani filta ni mbovu. Siku nne baadaye, bila kupanga, tukaenda kwenye matumbawe yaleyale maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa wageni walichelewa kuamka. Filta ileile, mahali palepale, na video ikatoka nzuri hadi Ami akanyamaza. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Tumbawe lililo mita mbili chini asubuhi linaweza kuwa mita tano mchana. Maelezo yote niliyosoma yanazungumzia kina kana kwamba ni nambari iliyoandikwa ukutani. Huku kina ni saa. Sasa kabla ya kuchagua filta namwuliza Ami maji yako wapi, naye hajibu kwa mita, hujibu kwa vidole vya mkono, na hajawahi kukosea.

Na kina peke yake hakitoshi. Mwanga hushuka kutoka juu hadi kwa samaki, kisha husafiri tena kutoka kwa samaki hadi kwenye kamera, na safari zote mbili ni za kupoteza nyekundu. Samaki aliye mita tatu chini, na wewe uko mita tatu kutoka kwake, kwa kamera ni kama yuko mita sita. Filta hiihii ya shilingi 2,800 ilinipa picha mbaya ya kasa aliye mbali na picha safi ya kasa yuleyule aliponikaribia mwenyewe. Yeye alikaribia, sisemi nilimfuata. Askari wa hifadhi wana macho.

Kwa hiyo nikanunua ya tatu, hafifu, rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi, ile wanayoiita ya kuogelea kwa miwani na mrija. Hii ndiyo ninayoitumia sana. Kati ya mita mbili na tano inatosha, na hata ukisahau kuitoa kwenye maji mafupi zaidi, watu hubaki na ngozi zao.

Mipangilio ya kamera ilinisumbua wiki mbili nzima. Ukiiachia kamera iamue yenyewe nyeupe ni ipi, inabadilisha mawazo katikati ya video: ukitoka kwenye mchanga kwenda kwenye matumbawe, rangi nzima hugeuka kama mtu amebadilisha taa. Nilichofanya ni kuchukua kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi ya nyumba, nikakitoboa, nikakifunga kiunoni. Nikifika chini nakitandaza mbele ya kamera, napiga sekunde tano, halafu naendelea. Nikirudi kibandani nina kitu ninachokijua kuwa ni cheupe, na video yote nairekebisha kwa kukitazama hicho. Kipimo cha nyeupe cha kamera nimekifunga kwenye 5500, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, haipiti 400 kwenye maji mafupi, vinginevyo picha hujaa chenga. Wageni huuliza kifuniko ni cha nini. Ami huwaambia ni cha kufunika bahari tukimaliza.

Jua liwe mgongoni kwako, na iwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Piga mbele au ukiinamia chini kidogo. Ukielekeza kamera juu ukiwa na filta nyekundu, uso wa maji unageuka mwekundu na mgeni anaonekana anaogelea kwenye sharubati.

Kuna usumbufu mdogo ambao hauandikwi popote. Filta ya kubana mbele ya kasha huacha nafasi katikati, na maji lazima yaingie humo. Ukiruka tu na kuanza kupiga, kiputo cha hewa hubaki kimenaswa na utapata doa katikati ya kila picha. Nilipoteza asubuhi nzima ya familia iliyotoka Nakuru kwa kiputo kimoja. Siku hizi nikishaingia majini naivua, naitikisa, naivalisha tena nikiwa chini. Na hapo ndipo nilipoipoteza ile nyekundu iliyokoza: iliniponyoka mkononi, ikaingia katika ufa wa mwamba ambamo samaki mkunga anaishi, na mimi mkono wangu naupenda. Nikanunua nyingine ya aina ileile, nikaitoboa tundu pembeni kwa msumari wa moto, nikaifunga kwenye kasha kwa mshipi wa kuvulia. Ningekuwa mtengenezaji ningeona aibu kuuza kifaa cha baharini kisicho na tundu la kamba.

Ile iliyokoza sikuielewa thamani yake mpaka nilipokwenda nje ya mwamba na rafiki anayezamia kwa mtungi. Mita kumi na nne. Bila filta, kila kitu kilikuwa kijivu na buluu. Nikaivalisha, na kwenye kioo kidogo cha kamera sponji moja niliyodhani ni jiwe ikawa nyekundu ya damu. Nilicheka hadi miwani ikaingia maji. Kwa mtu anayezamia kati ya mita sita na kumi na tano, maji yakiwa safi na jua likiwa juu, filta nyekundu iliyokoza ni pesa iliyotumika vizuri, sina ubishi.

Lakini palepale chini ya jabali, kwenye kivuli, picha ilikuwa giza na chenga tupu, kwa sababu filta inakula mwanga ambao tayari haupo. Rafiki yangu akawasha tochi kunisaidia, na jabali lote likawa jekundu kama jiko la mkaa. Tochi inakuja na nyekundu yake yenyewe. Haijapita mita kumi na nne za maji. Ukiwasha taa, toa filta. Vitu hivi viwili havikai nyumba moja.

Sasa nije kwenye Sabaki, kwa sababu mtu wa Malindi akizungumzia rangi ya bahari bila kuutaja mto huu anadanganya. Ni mto uleule unaoitwa Athi huko bara na Galana ukipita Tsavo, na unamwaga udongo wote huo kaskazini mwa mji wetu. Kusi kikivuma, tope husukumwa upande wa juu, mbali nasi. Kaskazi kikiingia baada ya mvua za vuli, linashuka kwetu, na ghuba inakuwa chai ya maziwa. Desemba moja nilikuwa na filta mbili na hakuna iliyonisaidia. Katika maji ya tope filta ni giza la ziada tu. Mwanga unagonga chembe za udongo na kurudi, na hakuna rangi ya plastiki itakayoondoa udongo. Siku hizo nawaambia wageni ukweli, tunaangalia kupitia kioo cha boti, nauza video chache.

Kati ya tope na usafi kuna siku za maji ya kijani, na hizo ndizo zilizonifundisha kuhusu filta ya majenta, rangi iliyo kati ya zambarau na waridi. Nyekundu imetengenezwa kwa maji ya buluu. Juu ya maji ya kijani inaacha picha ya rangi ya kutu. Majenta ndiyo inayozuia kijani. Niliiazima kwa huyohuyo rafiki wa mitungi, nikaijaribu siku tatu za Januari, na ilileta tofauti niliyoiona bila kukodoa macho. Je, mtu wa kawaida ainunue? Kama unakuja Malindi wiki moja tu, usijisumbue. Mimi ninayeishi hapa naitamani.

Watu huniuliza kwa nini nisiache filta zote na kusahihisha kwenye simu, ilhali simu ndizo kazi yangu. Nimejaribu. Kwenye kina kisichozidi mita mbili au tatu, programu ya simu inatosha na filta ni kujitwisha mzigo. Hapo nakubaliana nao kabisa. Ukishuka zaidi, ukivuta nyekundu kwa kidole kwenye simu unavuta kitu ambacho hakikurekodiwa, na kinachokuja ni chenga nyekundu kwenye vivuli na ngozi yenye madoa. Video iliyopigwa kwa filta ikarekebishwa kidogo kwa simu inaishinda ile ya simu peke yake, na tofauti inakua kadiri unavyoshuka.

Baada ya miezi minane, plastiki ya zote mbili ina mikwaruzo, zaidi ile hafifu, kwa kuwa mwanzoni nilikuwa naifuta kwa fulana yenye chumvi. Sasa nasuuza kwa maji ya bomba kabla kitambaa hakijagusa. Nikiambiwa nibaki na moja tu nitachukua hafifu, kwa sababu nchini kwetu wanaoingia majini na miwani na mrija ni wengi kuliko wenye mitungi, na matumbawe yetu mengi yako karibu na uso.

Ile ya majenta bado iko kwangu. Mwenyewe ameshaiulizia mara mbili, nami mara zote mbili nimemwambia inakauka.