Mti wa ukoo uliotufikisha ndani ya safina

Nilijiunga na huduma hii ya kutafuta nasaba mtandaoni kwa ajili ya binti yangu. Babake ni Mwingereza, na mama mkwe ameshikilia miaka yote kwamba ukoo wao una damu ya kifalme. Nikalipia miezi sita.

Kwa watu wa karne ya 19 sina neno. Sensa ya 1881 imepigwa picha safi, mwandiko wa karani unasomeka: babu mmoja fundi viatu, mkewe, watoto saba.

Kasheshe ilikuwa huko juu. Programu inakuletea miti ya wateja wengine, unabonyeza tu kuunganisha. Nikabonyeza, tukaangukia kwa Alfred, mfalme wa Wessex (ufalme wa kale kusini mwa Uingereza) aliyefariki 899. Nikabonyeza tena: Cerdic, anayetajwa kuwa mfalme wa kwanza wa Wessex, halafu Woden. Woden ni mungu wa Waingereza wa kale. Ndiye aliyeiachia Jumatano jina lake la Kiingereza. Humu ana kisanduku sawa na cha fundi viatu, na mwaka wa kuzaliwa kabisa! Nilicheka peke yangu jikoni.

Juu zaidi yuko Sceaf, mwana wa Nuhu aliyezaliwa ndani ya safina. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunawajua wanawe Sam, Ham na Yafith. Huyu ni wa kalamu ya waandishi wa karne ya 9. Bede, mtawa aliyeandika historia ya Waingereza mwaka 731, alikomea kwa Woden. Lakini mfalme Mkristo kuwa mjukuu wa mungu wa kipagani ilikuwa aibu, basi Woden akafanywa binadamu, akatafutiwa mababu mpaka Adamu.

Wala siwacheki. Nasaba ya masultani wa Kilwa nayo inaanza na majahazi kutoka Shiraz. Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza, sarafu zake zimechimbwa, kwa hiyo jina lake si hadithi. Safari ya majahazi ndiyo yenye mjadala. Tofauti hiyo programu haina pa kuiweka. Niliwaandikia waweke alama kwenye majina ya ngano, wakajibu kwamba taarifa ni za wateja wenyewe. Mama mkwe keshaitia chati fremu, Adamu juu kabisa.

Nyota mbili, zote za sensa. Ukijiunga, zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo. Mimi nilikatwa miezi sita mingine, na hela mpaka leo sijarudishiwa.