Siku tatu Amani: wanyama wapo, ila uende polepole

Nimekulia Tanga mjini. Maji ya bomba niliyoyanywa tangu utotoni yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, lakini huko juu kwenyewe, kwenye hifadhi ya msitu ya Amani, sikuwahi kupanda hadi mwezi uliopita. Kila nilipouliza niliambiwa, "Amani kuna miti tu, hakuna wanyama." Nimekaa siku tatu na nimerudi na maneno tofauti kabisa.

Kutoka Muheza nilipanda daladala. Barabara ni ya vumbi na kona, na mvua ikinyesha inateleza vibaya, kwa hiyo usipange kufika jioni. Tozo za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba, basi weka salio kwenye simu kabla hujaondoka mjini. Langoni Sigi bado ipo nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani. Tulipovuka hapo joto lilianza kupungua, na nilipofika juu nilikuwa nimeshavaa sweta.

Mwongozaji wangu ni mzee wa pale pale, na kama kuna hela moja usiyotakiwa kuibania, ni ya mwongozaji. Peke yangu ningepita chini ya msambu nisijue ni mti gani. Yeye alinionyesha matunda yake, makubwa kama viazi vikuu, yananing'inia juu kabisa, akanieleza kwamba wanakijiji huyaokota yakianguka na kuuza mbegu zake, ambazo hukamuliwa mafuta. Alinionyesha pia mti mgeni ulioletwa enzi za ukoloni, wenye jina la kitaalamu Maesopsis, unaozidi kuenea ndani ya msitu wa asili. Mbegu zake husambazwa na hondohondo. Nilisikitika kidogo, maana dakika chache kabla nilikuwa nimewafurahia hondohondo hao hao: wakipita juu yako mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta mkeka.

Mbega niliwaona asubuhi ya pili, kundi la saba au nane, manyoya meupe ya mabegani yakifunguka kila waliporuka. Kando ya kijito, kwenye mwamba wenye kivuli na unyevu, kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini. Ni Saintpaulia, ua lile ambalo watu wa Ulaya na Marekani hulifuga kwenye vyungu madirishani. Lilipelekwa Ujerumani kutoka milima hii miaka ya 1890. Nilipiga magoti nikaligusa jani moja kwa ncha ya kidole, kisha nikaliacha.

Ila usiku ndio uliolipa safari nzima. Tulitoka saa mbili, tochi mbili na buti. Mzee alitembea hatua tatu, akasimama, hatua tatu tena. "Mwanangu, usitafute mnyama. Tafuta jani lililokaa vibaya." Vinyonga wakilala rangi yao hupauka, na tochi ikiwapiga wanang'aa kwenye kijani. Tulihesabu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa kinyonga mdogo wa chini, mfupi kuliko kidole changu cha shahada, kahawia kama jani kavu, amelala kwenye kijiti pembeni kabisa ya njia ambapo mtu angemkanyaga. Mzee alimwinua, akamweka kiganjani mwangu kidogo kabla ya kumhamishia kichakani. Alitetemeka! Mtetemo mwembamba, kama simu iliyowekwa kimya. Ndivyo anavyojihami.

Halafu akanionyesha chura mdogo juu ya jani, mbali na maji yoyote. Vyura hao hawatagi mayai majini, wanazaa watoto walio hai. Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa.

Kilichonikera ni malazi ya usiku wa kwanza. Kwenye simu niliahidiwa maji ya moto na blanketi nzito, nikakuta ndoo ya maji baridi na shuka. Nilihama kesho yake. Ulizia mambo hayo mapema, na beba nguo ya kulalia ya baridi hata kama Tanga unatoka unavuja jasho.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza Tanzania kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na bado siku zote tatu nilikutana na Watanzania wenzangu wanne tu waliokuja kutembea. Inaniuma. Nauli ya Muheza si kubwa.

Usiende na kurudi siku moja. Lala angalau siku mbili, na moja iwe ya matembezi ya usiku. Mimi nitarudi na mama yangu. Magoti yake hayawezi njia za msituni, lakini kwenye bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, atatembea taratibu, na hondohondo atawasikia akiwa amekaa.