TAHADHARI: Meza za "mvule mtupu" zinazoletwa Amu (Lamu) si mvule mtupu

Assalaam aleikum. Ndugu zangu wa Amu na Shela, hasa nyinyi wenye nyumba za wageni, someni hii kabla hamjatuma pesa ya meza.

Kuna muuzaji upande wa Malindi anayeuza meza za kulia kwa simu. Picha zake zinavutia: mvule wenye maua mazito, yaani michoro ya asili ya mbao, mawimbi yanang'aa. Anaapa ni mvule juu mpaka chini, na bei anayotaja ni ya mvule hasa. Nusu unatuma kwa M-Pesa, nusu lori likifika Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu, kabla ya kushusha. Hapo meza imeviringishwa blanketi na maboksi, mashua inangoja, hamali wanapiga kelele. Nani atafungua? Unalipa.

Baada ya miezi michache meza hizo zinaletwa karakanani kwangu. Katikati imeinuka, pembeni gundi imeachia, na moja ubao wa chini umepasuka urefu mzima. Nilipobandua ule ukanda wa mbao aliouzungusha ukingoni, yote yakawa wazi: juu mvule wa milimita 8 hivi, chini saipresi. Na saipresi yenyewe ilipigwa randa mbichi.

Nieleweke. Kubandika mbao ya maua juu ya mbao nyingine si wizi. Mvule wa maua hautoki kwenye kila gogo, kwa hiyo fundi huupasua ubao mmoja ukatoa majani mawili, yaani vipande vyembamba, akayalaza ubavu kwa ubavu maua yakatazamana kama kurasa za kitabu. Hata mimi nafanya, na mteja namwambia. Lakini kazi hii ina masharti yake. Jani liwe jembamba, milimita 3 au chini, ndipo litamfuata mwenzake wa chini. Ukiliacha nene linakuwa ubao kamili wenye nguvu zake, na mbao mbili zikigombana gundi haiwaamui. Nyuzi za mbao zielekee upande mmoja. Mbao zote mbili ziwe zimekauka sawasawa. Na upande wa chini nao ubandikwe jani, hata la mbao ya bei rahisi, ili mvutano uwe sawa juu na chini.

Huyu bwana kafuata hilo la nyuzi peke yake.

Mbao mbichi huanza kunywea unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, na hunywea kwa upana, si kwa urefu. Saipresi ya chini inapungua, mvule wa juu ulishakauka zamani haupungui, basi meza inafanya mgongo. Juu ya hayo kaikaza kwenye kiunzi kwa skrubu zisizoacha nafasi hata chembe, saipresi ikikosa pa kwenda inapasuka.

Ukimpigia atakwambia ni unyevu wa bahari. Bahari gani? Milango ya mbao ya Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, inapigwa na upepo huo huo wa kusi na kaskazi tangu enzi za mababu, na bado imesimama.

Kwa hiyo msikubali kulipa kabla ya kufungua, hata nahodha akinuna. Inamisheni meza mtazame chini. Kama chini pamepakwa rangi nzito ya kiza, ulizeni kinafichwa nini. Kwaruzeni kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana. Mvule ni wa kahawia ya dhahabu, saipresi ni nyeupe nyeupe yenye vifundo na harufu yake. Tazameni pia kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata kukingama nyuzi: mistari ya pale lazima iungane na maua ya juu. Kikiwa kimefunikwa na ukanda pande zote nne, mimi singelipa. Uzito nao unasema. Uso wa mita 2 kwa sentimita 90, unene sentimita 4, ukiwa mvule mkavu mtupu bila miguu unafika kama kilo 46. Wake hauzidi sana 35.

Sitaandika jina lake wala namba yake hapa. Mtamjua kwa hili: hataki mtu yeyote afike karakanani kwake, hata ukimwambia una ndugu Malindi atakayepita kutazama.

Waliokwisha kulipa, msifute jumbe zake. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na neno "mvule mtupu" kaliandika mwenyewe. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Pigeni picha ukingo ulioachia, na msimruhusu fundi yeyote, hata mimi, kuibandua meza kabla picha hizo hazijapigwa.