Nimeitazama Tartuffe jukwaani, na aliyenikaa moyoni ni Orgon

Nilikuwa nimeisoma Tartuffe, tamthilia ya Mfaransa Molière, mara mbili kabla ya kuiona ikiigizwa, na mara zote mbili niliifunga nikiamini kwamba ni habari ya mnafiki. Jina la tamthilia ni lake, hila ni zake. Onyesho hili limenigeuza. Sasa namfikiria zaidi Orgon, mwenye nyumba aliyemkaribisha mnafiki huyo na kumkabidhi kila alicho nacho.

Mwigizaji wa Orgon ndiye aliyelibeba onyesho. Ni rahisi kumwigiza kama bwege, lakini hadhira ikishamdharau tangu mwanzo haibaki na cha kuhofia. Huyu alimfanya baba mwenye heshima zake, aliyechoka, ambaye hatimaye amepata wa kumtuliza roho. Tazama anaporudi nyumbani baada ya siku mbili za kuwa shamba. Dorine, mtumishi wa ndani, anamweleza kwamba mkewe alishikwa na homa na kuumwa kichwa. "Na Tartuffe?" anauliza. Dorine anajibu kwamba Tartuffe ni mzima, kanawiri, na usiku ule alikula kwale wawili na nusu ya paja la kondoo. "Maskini!" anasema Orgon. Mara nne swali ni lile lile, mara nne jibu ni "maskini". Mwanzoni ukumbi mzima uliangua kicheko. Kufikia mara ya nne vicheko vilikuwa vimepungua, kwa kuwa yule bwana alilitamka neno hilo kwa huruma ya kweli, machozi yakimlengalenga, na hali ya mkewe hata hajaiulizia. Molière mwenyewe, alipoitoa tamthilia hii, alichukua nafasi ya Orgon, na ile ya Tartuffe akamwachia mwenzake, Du Croisy. Nadhani alijua uzito uko wapi.

Tartuffe haonekani mpaka sehemu ya tatu kati ya tano. Mwongozaji aliujaza muda huo kwa kiti kimoja kitupu kwenye kichwa cha meza ya chakula. Hakuna aliyekikalia, kila mtu alikizunguka. Mwenyewe alipoingia hatimaye, kwa sauti ya chini na mikono imefumbatwa, sisi watazamaji tulikuwa tumekwisha kumwogopa.

Halafu meza ile ile ikatumika kwa jambo kubwa zaidi. Elmire, mke wa Orgon, anamficha mumewe chini yake ili asikie kwa masikio yake jinsi mcha Mungu wao anavyomtongoza. Tartuffe anasogea, Elmire anakohoa kumpa mumewe ishara, Orgon hatoki. Anakohoa tena. Tartuffe anampa peremende ya kulainisha koo, huku akimweleza kwamba dhambi ifanywayo kimya kimya si dhambi. Orgon bado hatoki! Watu walicheka mpaka wengine wakapiga viti, nami nikacheka nao, kisha nikashikwa na uchungu. Anatoka baada tu ya Tartuffe kusema kwamba Orgon ni mtu wa kuburutwa kwa pua. Aibu ya mkewe aliivumilia, tusi lake mwenyewe hakuliweza. Mwigizaji alitoka chini ya kitambaa polepole sana, kwa magoti, bila kumtazama mkewe.

Kasoro zipo. Ugomvi wa wapenzi wawili, Mariane na Valère, ulirefushwa kwa muziki uliomeza maneno. Tuliokaa safu za nyuma tulikuwa tunaona midomo tu. Tafsiri yao imefuata vina, jambo ninalolipongeza kwa dhati, maana Molière aliiandika kwa mishororo ya mizani 12 inayokwenda viwiliviwili kwa vina. Lakini waigizaji vijana waliikariri kama darasani, wakitua kila mwisho wa mshororo hata pale ambapo wazo halijakamilika. Dorine peke yake aliongea shairi kama mtu anayeongea.

Mwisho ndio ulionisikitisha zaidi. Afisa wa mfalme anafika, tunadhani amekuja kumkamata Orgon, kumbe anamkamata Tartuffe, na mfalme anasifiwa kwa kuona yaliyojificha. Walipita hapo mbio, kana kwamba wanaona haya. Tamthilia hii ilionyeshwa mbele ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, huko Versailles mwaka 1664, ikapigwa marufuku. Ilirudi 1667 ikiwa imebadilishwa, ikafungiwa siku ya pili yake, na askofu mkuu wa Paris akatishia kuwatenga na Kanisa watakaoitazama. Ruhusa ilipatikana 1669. Kwa hiyo sifa zile kwa mfalme zimetoka kwa mtu aliyesubiri miaka mitano, na zilistahili kupewa nafasi ya kusikika.

Pamoja na hayo, ukipata nafasi ya kuliona onyesho hili, nenda, na ukate tiketi ya safu za mbele. Mimi nimekwisha kukata ya pili. Safari hii nataka kuwa karibu niuone uso wa Elmire anapokohoa mara ya pili, akitambua kwamba mumewe anamsikia na hatoki.