Kuondoa Weusi wa Ufizi kwa Leza: Tathmini ya Kliniki Moja ya Kilimani

Miezi kumi na minne imepita tangu niondolewe weusi wa ufizi wa juu kwa leza, yaani mwali mkali wa mwanga, katika kliniki moja ya meno iliyoko Kilimani, Nairobi. Nimechelewa kuandika kwa makusudi, kwa sababu anayeyasifu au kuyalaumu matibabu ya aina hii wiki mbili baada ya kutoka kwenye kiti cha daktari huwa bado hajaona matokeo yake kamili.

Ufizi mweusi si ugonjwa. Rangi yake hutokana na melanini, ile ile inayoipa ngozi yetu rangi, na hutengenezwa na seli zilizo katika tabaka la chini la utando wa ufizi. Kwa wengi wetu ni maumbile tu, na nyanya yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliuhesabu ufizi mweusi kuwa pambo la mwanamke sawa na mwanya. Wangu, hata hivyo, ulikuwa na mabaka: mweusi juu ya meno ya mbele, wa waridi pembeni, kisha mweusi tena. Kwa kuwa mdomo wangu wa juu hupanda sana ninapocheka, nilikuwa nimezoea kujifunika kwa kiganja, nami kazi yangu ni kupokea wateja kutwa nzima.

Kabla ya kufika Kilimani nilikuwa nimeingia kliniki nyingine, ambako karani wa mapokezi aliniambia, kabla daktari hajanitazama, kwamba ufizi wangu ni mchafu na kwamba nikilipa nusu ya fedha siku hiyo nitapunguziwa bei. Neno hilo liliniuma, na bado naliona kuwa kosa kubwa, kwa sababu mtu anayeambiwa kuwa maumbile yake ni uchafu hawezi kuamua kwa utulivu. Niliondoka bila kulipa.

Kilimani mambo yalikwenda kinyume kabisa, na sehemu ninayoithamini zaidi katika huduma yao ni uchunguzi wa siku ya kwanza, uliochukua karibu saa nzima kwa ada ya shilingi 1,500. Daktari aliniuliza kama navuta sigara, kwa maana tumbaku huzichochea seli za ufizi kutoa melanini zaidi, na kwa mvutaji hatua ya kwanza ni kuacha. Aliniuliza dawa nilizowahi kutumia kwa muda mrefu, akitaja klorokwini, dawa ya malaria, na minosaiklini, dawa ya kuua bakteria, kuwa miongoni mwa zile zinazoweza kubadilisha rangi ya kinywa. Aliniuliza pia kama nimekonda bila sababu, kama nachoka kupita kiasi, na kama ngozi yangu imekuwa nyeusi zaidi katika mikunjo ya viganja, maana upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo huweza kujitokeza hivyo. Kisha akakagua kama kuna doa moja lililojitenga. Alinieleza kwamba doa jipya la namna hiyo halifutwi kwa leza kamwe kabla ya kuchunguzwa, na ikibidi hukatwa kipande kidogo kikapelekwa maabara, kwa kuwa saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ingawa ni nadra kinywani, huweza kuanza kama doa la kawaida. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Hata hivyo alikataa kuendelea siku hiyo, kwa sababu ufizi wangu ulikuwa ukitoa damu kutokana na ukoga. Alinisafisha meno, akaniagiza nirudi baada ya wiki mbili.

Kuhusu njia za matibabu, alinieleza kwamba weusi unaweza kukwanguliwa kwa kisu, kugandishwa kwa naitrojeni ya maji au kuondolewa kwa leza. Kisu ni nafuu zaidi lakini hutoa damu nyingi, na kidonda hufunikwa kwa plasta laini ya ufizi. Leza hutoa damu kidogo, ila vifaa vyake ni ghali, na mgonjwa ndiye anayebeba gharama hiyo. Nilichagua leza na kulipa shilingi 28,000 kwa ufizi wa juu pekee. Bima ya kazini haikutoa hata senti, kwa kuwa haigharimii matibabu ya urembo.

Siku yenyewe nilidungwa sindano za ganzi, na hizo ndizo zilizoniuma kuliko kitu kingine chochote. Mimi, daktari na msaidizi wake tulivaa miwani ya kukinga macho, kisha ncha nyembamba ya leza ikapitishwa polepole juu ya ufizi kwa takriban dakika arobaini na tano. Sikusikia maumivu, lakini harufu ya nyama inayoungua ilinishtua, na ingefaa nitahadharishwe mapema. Siku ya pili na ya tatu ufizi uliwaka, hasa kwa chai ya moto, nikatuliza kwa dawa za kawaida za maumivu. Utando mweupe uliofunika kidonda ulinitia hofu hadi nilipopiga simu na muuguzi akanihakikishia kwamba ndivyo ufizi unavyopona. Kwa wiki moja niliepuka pilipili, ndimu na achari, nikala uji, viazi vilivyopondwa na ndizi. Kufikia siku ya kumi na nne ufizi wa juu ulikuwa wa waridi wote.

Nina malalamiko mawili. Karatasi ya ridhaa na ile ya maelekezo ya nyumbani zote zilikuwa kwa Kiingereza tu. Mimi nilizielewa, lakini mama mmoja niliyeketi naye alilazimika kumwita mwanawe kwa simu amsomee, na jambo hilo halipaswi kutokea jijini Nairobi. Pili, daktari alinitajia kwa mdomo kwamba rangi huweza kurudi, kwa sababu seli za sehemu zisizoguswa husogea taratibu hadi zile zilizosafishwa, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba marudio hulipiwa upya. Mwezi wa kumi baada ya matibabu niliona vidoa vidogo kati ya meno mawili ya mbele. Havijaongezeka sana, nami sijavirudia.

Anayetaka kwenda kliniki yoyote kwa huduma hii na atafute kwanza jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo iko wazi mtandaoni, ahakikishe kuwa leseni ya mwaka huu imelipiwa. Mimi nilifanya hivyo nikiwa bado kwenye matatu.

Katika ziara ya mwisho daktari aliniuliza kama nataka na ufizi wa chini ushughulikiwe. Huo hauna mabaka, ni mweusi kama wa nyanya yangu, nikamjibu kwamba nitauacha ulivyo, naye akaandika hivyo kwenye faili.